Kwale wa Udzungwa na Sakafu ya Msitu

Kwale wa Udzungwa, ambaye jina lake la kitaalamu ni Xenoperdix udzungwensis, ni ndege wa ardhini anayepatikana katika milima ya Tanzania pekee, na riziki yake hutegemea tabaka la majani makavu, vijiti na mboji lililotanda chini ya miti mirefu. Tabaka hilo huhifadhi unyevu kwa sababu ya mvua na ukungu, hivyo huwa makazi ya mbawakawa, sisimizi na mabuu wa aina nyingi. Humo ndimo kwale hao, wakitembea wawili wawili au kwa vikundi vidogo, wanamochakura na kudonoa wadudu pamoja na mbegu zilizoanguka. Mgongo wake wa kahawia wenye michirizi na kifua cha kijivu chenye madoa meusi humfanya apotelee katika vivuli vya majani, ingawa mdomo wake ni mwekundu na uso wake una rangi ya kutu.

Wanasayansi walimtambua mwaka 1991, wakati watafiti kutoka Denmark walipoona miguu ya ndege wasiyemfahamu ndani ya sufuria ya kitoweo, na maelezo rasmi ya spishi hiyo yakachapishwa mwaka 1994. Ni dhahiri kwamba waliomtega walikuwa wakimjua tangu zamani. Waliochelewa ni wataalamu.

Jambo lililowashangaza zaidi ni nasaba yake, kwa kuwa kwale wengi wa Afrika, ambao hupendelea nyika na mashamba, si ndugu zake wa karibu, bali anakaribiana zaidi na kwale wa misitu ya milima ya Asia wa jenasi Arborophila, yaani kundi la spishi zenye asili moja. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba mamilioni ya miaka iliyopita ukoo huo ulienea katika misitu iliyounganisha Asia na Afrika, kisha hali ya hewa ilipokauka na misitu ya katikati kutoweka, mabaki yake yakasalia katika Milima ya Tao la Mashariki, ambayo Udzungwa ni sehemu yake na ambayo upepo wa Bahari ya Hindi uliendelea kuiletea mvua.

Leo anajulikana katika misitu ya Ndundulu, Luhomero na Nyumbanitu ya milima ya Udzungwa, kuanzia kimo cha takriban mita 1,300 na kuendelea, huku kwale wa milima ya Rubeho, anayefanana naye sana, akielezwa mwaka 2005 kuwa spishi ya pekee, uamuzi ambao si wataalamu wote wanaoukubali.

Amewekwa katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka, na sababu yake haipaswi kutafutwa katika ukataji wa miti peke yake, kwani msitu unaweza kuonekana mzima kwa juu huku sakafu yake ikiwa imejaa vitanzi, na ndege anayetafuta chakula kwa kutembea ndiye anayenaswa kwanza. Kwa hiyo mipaka ya hifadhi na upandaji wa miti, pamoja na umuhimu wake, havitamfaa kwale huyu iwapo doria za kuondoa mitego hazitafanywa mara kwa mara ndani ya msitu wenyewe.