Kibodi ya Lugha Mbili Isikutishe

Huku Ghuba, anayetafuta kazi ya ofisini anaweza kupewa jaribio la kuandika barua kwa kompyuta, saa ikihesabiwa. Mpwa wangu, anayekaa nami Al Jaddaf kwa viza ya matembezi, anajiandaa kwa jaribio hilo. Kuandika anajua. Anachoogopa ni kibodi ya hapa: vitufe vina herufi za Kilatini na za Kiarabu pamoja.

"Shangazi, imeharibika!" huniita, barua yake ya Kiingereza ikigeuka Kiarabu ghafla. Haijaharibika. Vidole vimegusa Alt na Shift kwa pamoja, na katika Windows huo ni mkato wa kubadili lugha. Ukibonyeza tena, lugha hurudi. Mstari ukihamia kulia, umebonyeza Ctrl na Shift ya kulia. Ctrl na Shift ya kushoto huurudisha.

Mazoezi tunafanyia Maktaba ya Mohammed Bin Rashid, iliyofunguliwa Juni 2022 hapa hapa Al Jaddaf, jengo lenye umbo la marufaa. Tulianza na mikato minne: Ctrl+X kukata, Ctrl+C kunakili, Ctrl+V kubandika, Ctrl+Z kutendua.

"Mbona kubandika ni V, si B?" aliuliza. Swali zuri. Kukata na kubandika kulibuniwa na Larry Tesler na wenzake kwenye maabara ya Xerox PARC, California, miaka ya 1970. Kompyuta ya Apple Lisa ya 1983 ikatumia Z, X, C na V. Vitufe hivyo vimefuatana mstari wa chini, upande wa kushoto. Mkono wa kulia unabaki kwenye kipanya.

Kwa hiyo kariri mahali pa kidole. Hata kibodi ikiwa kwenye Kiarabu na kitufe cha C kikiandika ؤ, Ctrl+C bado hunakili katika programu nyingi.

Mikato ya Alt ni tofauti: hufuata herufi zilizopigiwa mstari kwenye menyu, hivyo hubadilika na lugha ya menyu. Nanyi mlio Hispania, angalieni: katika Word ya Kihispania, Ctrl+S hupigia neno mstari, kuhifadhi ni Ctrl+G.

Ukikaa kwenye kompyuta ngeni, tazama kwanza alama ya lugha chini ya skrini. Andika sentensi moja, inakili, ibandike, itendue. Nusu dakika inatosha, kisha anza barua yako.