Joshi, Demani na Kanuni za Kuepa Mgongano Baharini

Makala haya yanakusudia kujibu swali moja la istilahi: je, Kiswahili kina maneno ya kumfundishia baharia kanuni za kuepa mgongano bila ya kumpoteza njia? Kanuni za kimataifa zitumikazo leo zilikubaliwa London mwaka 1972, zikaanza kutumika mwaka 1977. Mwanafunzi ajifunzaye dira na ramani ya bahari hana budi kuzielewa barabara, kwani neno lenye maana mbili huleta ubishi darasani, lakini baharini laweza kuzamisha chombo.

Tuanze na vyombo vya tanga. Mabaharia wa pwani yetu huuita upande utokako upepo joshi, na ule uendako upepo demani. Maneno haya yanahusiana na tanga lenyewe: joshi ni pembe yake ya mbele ifungwayo kwenye upepo, na demani ni kamba ya pembe ya nyuma. Kwa hiyo Kanuni ya 12 yaelezeka kwa ufupi. Vyombo viwili vikikaribiana, kimoja kina joshi kushoto na kingine kulia, chenye joshi kushoto ndicho kipishacho. Vyote vikiwa na joshi upande mmoja, kilicho joshini hukipisha kilicho demanini. Hapa mfasiri hana haja ya kukopa neno lolote.

Tatizo huzuka tufikapo kwenye vyombo vya mashine. Kanuni ya 14 yaamuru kwamba viwili vikabilianavyo ana kwa ana vigeuke vyote kuelekea kulia. Na ya 15, kwamba njia zikikatana, kile kikionacho kingine upande wake wa kulia ndicho kipishe. Joshi na demani hayafai hapa, kwa kuwa hubadilika pamoja na upepo na tanga. Wala "kulia" peke yake hakutoshi: baharia aelekeaye tezi, kulia kwake ni kushoto kwa chombo. Twapendekeza "kulia kwa chombo" na "kushoto kwa chombo", na maana yake ifafanuliwe tangu mwanzo kwa mtu asimamaye tezini akitazama omo.

Kitenzi kupisha nacho chahitaji uangalifu. Ni rahisi kusema "chombo kipishacho" na "chombo kipishwacho", lakini kauli ya kutendwa yamfanya nahodha wa chombo cha pili adhani kwamba hana wajibu. Sivyo. Kanuni ya 17 yamtaka ashike njia yake na mwendo wake bila ya kubadili, na achukue hatua mwenyewe iwapo mwenzake hakupisha. Kwa sababu hiyo "chombo kishikacho majira" ni istilahi bora zaidi. Baharia husema kushika majira kwa maana ya kufuata njia iliyoelekezwa kwa dira. Ni kweli kwamba majira ni misimu pia, lakini kitenzi shika chaondoa utata huo.

Yafaa basi wanaistilahi waketi kwanza na manahodha kabla ya kubuni maneno mapya. Mengi ya yale tuyatafutayo yamo vyomboni tayari. Yaliyosalia ni machache, na hayo ndiyo yatakayo kazi yetu.