KABLA YA KUUZA SHAMBA, ULIZA HABARI ZA CHUO

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, nyumba nyingi za Uluguru hazilali mapema. Kuanzia Mgeta hadi Matombo, kuanzia Kinole hadi Kolero, wazazi hukaa jikoni wakiulizana: mtoto huyu aende wapi sasa? Kidato cha tano hakuchaguliwa. Chuo kikuu kiko mbali. Kukaa nyumbani bure nako hatutaki.

Hapo ndipo maneno ya vyuo huanza kusikika. Huyu anasema cheti, yule anasema diploma, mwingine anasema VETA. Wazazi tunasikia, lakini hatuelewi tofauti yake. Na mtu asiyeelewa ni rahisi kuuza mali yake kwa kitu asichokijua.

Kwa hiyo leo tunaeleza habari za vyuo vya kazi. Ni vyuo gani hivyo? Vyeti vyake vina ngazi gani? Na mzazi aulize nini kabla ya kutoa fedha?

MFANO WA MAMA WA NYANDIRA

Tuchukue mfano. Tuseme yuko mama mmoja huko Nyandira, tarafa ya Mgeta. Ana binti aliyemaliza kidato cha nne. Siku moja anakuja kijana kutoka mjini, amevaa shati safi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

"Mama, mimi nawatafutia vijana chuo cha uuguzi. Nafasi zinakwisha. Nipe laki tano wiki hii, binti yako anaingia."

"Laki tano! Mimi nina mbuzi watatu tu na hili shamba la njegere."

"Uza shamba mama. Binti akishakuwa nesi atakununulia mashamba matatu."

Mama anafikiri usiku kucha. Asubuhi anamwita kaka yake, yaani mjomba wa binti. Kama mnavyojua, kwetu Waluguru shamba la ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba lazima asikie.

Mjomba anasema: "Dada, shamba hili tumeachiwa na mama yetu. Likiuzwa halirudi. Sikatai mtoto asome. Lakini twende tukaulize kwanza."

Wanakwenda kwa mwalimu mkuu wa sekondari ya kata. Mwalimu anaomba karatasi ya matokeo. Anaisoma, halafu anasema:

"Binti kapata D nne: Kiswahili, Jiografia, Historia na Biolojia. Kemia kapata F. Fizikia kapata F. Kwa matokeo haya, uuguzi hawezi kupokelewa sasa. Uuguzi unataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake lazima iwemo Kemia, Biolojia na Fizikia."

Mama anashtuka. "Mbona yule kijana hakuuliza matokeo?"

"Hilo ndilo la kujiuliza, mama."

Ndugu wasomaji, tuseme mama angetoa zile laki tano. Binti angekaa darasani labda mwaka, labda miwili. Mwishoni angeambiwa hana sifa. Muuguzi hafanyi kazi mpaka asajiliwe na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Bila cheti kinachotambuliwa, hakuna leseni. Shamba lingekuwa limekwenda, na kazi isingepatikana.

VYETI NI NGAZI

Tuelewe jambo moja. Vyeti vya vyuo ni kama ngazi ya kupandia darini. Huwezi kuruka kipago cha kwanza ukasimama juu. Na kila kipago kina jina lake.

Ziko ngazi za aina mbili.

Ya kwanza ni ngazi ya ufundi stadi. Hii ni kazi ya mikono: uashi, useremala, ushonaji, umeme wa majumbani, uchomeleaji, ufundi wa magari, mapishi na nyinginezo. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994. Mafunzo haya yana ngazi ya 1, ya 2 na ya 3. Katika baadhi ya fani hata aliyemaliza darasa la saba hupokelewa.

Ya pili ni ngazi ya vyuo vya kati. Hapa wanasoma wauguzi, maafisa ugani wa kilimo na mifugo, wapima ardhi, wahasibu na mafundi sanifu. Mlango wake wa kawaida ni kidato cha nne chenye ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini. Kila fani huongeza masharti yake, kama tulivyoona katika uuguzi. Ngazi hizi huhesabiwa hivi:

Ngazi ya 4 ni cheti cha awali.
Ngazi ya 5 ni astashahada.
Ngazi ya 6 ni stashahada. Hii ndiyo wengi wetu tunaiita diploma.

Kwa kawaida kila ngazi ni mwaka mmoja. Basi kijana wa kidato cha nne anayeanza chini hufika stashahada kwa miaka mitatu. Na stashahada si mwisho. Mwenye stashahada yenye alama nzuri anaweza kuomba kusoma shahada katika chuo kikuu. Kwa hiyo mtoto wa chuo cha kati hajafungiwa mlango. Anapita njia nyingine tu, na njiani anapata kazi ya kumlisha.

Jambo hili si la Tanzania peke yake. Marekani wana vyuo vya namna hii vilivyo karibu na watu. Kimojawapo cha kwanza kabisa kilifunguliwa mwaka 1901 katika mji wa Joliet. Kijana husoma kama miaka miwili, anapata cheti cha kazi, na akitaka anaendelea na chuo kikuu. Huko nako si kila mtu anaanzia juu.

KWETU MOROGORO VIKO WAPI?

Wengine wanadhani vyuo vya kazi viko Dar es Salaam tu. Sivyo. Tuangalie mkoa wetu.

Bigwa, chini ya mlima, katika njia ya kwenda Kiroka na Matombo, kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Vyuo vya aina hii vilianza mwaka 1975, wakati wa Mwalimu Nyerere, kwa kufuata mfano wa vyuo vya wananchi vya nchi ya Sweden. Shabaha ilikuwa mtu mzima wa kijijini apate ujuzi wa kutumia pale pale anapoishi. Leo vyuo vya serikali vya aina hiyo ni 54 nchini. Katika mkoa wetu kipo kingine Ifakara.

Kihonda, mjini Morogoro, kuna chuo cha VETA. Mikumi nako kuna VETA.

Mjini Morogoro kuna Chuo cha Ardhi, kinachofundisha upimaji wa ardhi na uchoraji wa ramani. Kuna pia kampasi ya Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, ambao kwa kifupi huitwa LITA. Kule Ilonga, wilaya ya Kilosa, kuna chuo cha kilimo. Na Mzumbe, kando ya barabara ya Iringa, pamoja na kuwa chuo kikuu, hutoa pia astashahada na stashahada.

Je, kazi hizi zina faida kwetu mlimani? Tazameni wenyewe. Mgeta tunafuga mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway, walioletwa miaka ya 1980. Mbuzi wakiugua tunamtafuta nani? Mtu wa mifugo. Mipaka ya mashamba ikigombaniwa tunamtafuta nani? Mpima ardhi. Umeme umefika vijiji vingi, nani anatandaza nyaya ndani ya nyumba? Fundi umeme, tena awe na leseni ya EWURA, maana nyaya zikitandazwa ovyo nyumba huungua. Hawa wote si watu wa shahada. Ni watu wa vyuo vya kazi.

ASIYEFIKA KIDATO CHA NNE JE?

Huyu naye asikate tamaa. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi huwapokea watu wa darasa la saba na watu wazima, na vina kozi fupi.

Tena iko habari njema kwa mabinti walioacha shule kwa ajili ya mimba. Mwezi Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanaweza kurudi shuleni. Katika Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi uko pia mpango unaoitwa Elimu Haina Mwisho. Mama mdogo anasoma masomo ya sekondari pamoja na ufundi, na mtoto wake analelewa hapo hapo chuoni. Kwa hiyo tusimwambie binti, "Wewe umekwisha." Hajakwisha.

Na wewe fundi mwashi uliyejifunza kwa kushika mwiko miaka ishirini, hukusoma chuo chochote, usidhani VETA haikuhusu. VETA ina utaratibu wa kupima ujuzi wa mtu aliyejifunza kazini. Anapimwa kwa kufanya kazi yenyewe. Akifaulu anapewa cheti. Cheti hicho humsaidia kuaminiwa pale kazi za ujenzi wa shule au zahanati zinapotokea.

MASWALI MANNE KABLA YA KULIPA

Mzazi, kabla hujatoa hata shilingi moja, uliza maswali haya manne. Kuuliza si ujinga.

1. Chuo kimesajiliwa? Vyuo hivi husimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, kwa kifupi NACTVET. Baraza hutoa kitabu cha mwongozo chenye majina ya vyuo, kozi na masharti. Kijana mwenye simu ya intaneti anaweza kukisoma katika tovuti ya Baraza. Huna simu hiyo? Mwombe Afisa Elimu Kata au mwalimu akusomee. Tazama si jina la chuo tu, tazama na kozi yenyewe. Chuo kinaweza kusajiliwa, lakini kozi unayoambiwa isiwemo.

2. Mtoto ana sifa? Lete karatasi ya matokeo, linganisha na masharti yaliyoandikwa. Anayesema, "Lipa tu, matokeo tutayarekebisha," huyo mkimbie.

3. Cheti ni cha ngazi gani, na kazi gani? Usiridhike na neno "cheti". Uliza ni ngazi ya 4, 5 au 6. Uliza kama kazi hiyo inahitaji leseni, na kama cheti hicho kinakubaliwa na wanaotoa leseni.

4. Gharama zote ni kiasi gani? Ada ni sehemu tu. Kuna chakula, malazi, sare, vifaa, mitihani, nauli na mazoezi ya kazini. Omba fomu ya kujiunga, ina orodha yote. Jumlisha mpaka mwaka wa mwisho, siyo mwaka wa kwanza peke yake. Wengi wetu tunaanza vizuri, mwaka wa pili mtoto anarudi nyumbani kwa kukosa ada.

Na fedha yenyewe usimpe mtu mkononi. Vyuo vya serikali hutoa namba ya malipo. Unalipa benki au kwa simu, unapata risiti. Chuo cha binafsi nacho kina akaunti ya benki kwa jina la chuo, siyo kwa jina la mtu. Weka risiti ndani ya mfuko wa nailoni, usiipoteze.

Kuhusu mikopo, kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada katika fani zilizochaguliwa, zikiwemo afya, kilimo na mifugo. Si kila mwombaji hupata, na mkopo ni deni, hulipwa. Lakini mwenye shida aulize na aombe mapema.

MAMA ALIAMUAJE?

Turudi Nyandira. Mwalimu aliwaeleza kuwa ziko kozi zisizodai Kemia wala Fizikia, na kwa D zake nne binti angeweza kuziomba. Pia VETA ilikuwa wazi kwake. Halafu akamgeukia binti. "Wewe mwenyewe unataka nini?" Mpaka hapo hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza.

Binti akajibu kwa sauti ndogo: "Mimi nataka uuguzi, mwalimu."

"Basi rudia Kemia na Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ni kazi ngumu, sikudanganyi. Utasoma usiku, mchana utamsaidia mama. Ukishinda, utaomba chuo kwa haki yako. Ukishindwa, zile kozi nyingine bado zipo."

Mjomba akasema, "Hilo tunaliweza."

Mbuzi mmoja aliuzwa kwa ajili ya vitabu na ada ya mtihani. Yule kijana wa shati safi aliporudi, mama alimwuliza namba ya usajili wa chuo. Hakurudi tena. Shamba la njegere lipo, na binti anasoma.

Ndugu wasomaji, mtoto asome, hilo tunakubaliana. Lakini mzazi auliza kwanza.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Astashahada na stashahada zina tofauti gani?
2. Katika kijiji chenu mnakosa mafundi na wataalamu gani? Nani kati ya vijana wenu anaweza kusomea kazi hizo?
3. Kama mtu angekuja kesho kutafuta wanafunzi wa chuo, mngemuuliza nini?