Utunzaji wa Unga na Hamira Majumbani

Tarehe iliyochapishwa kwenye mfuko wa unga huhesabiwa kwa sharti ambalo wanunuzi wengi hawalizingatii: kwamba mfuko haujafunguliwa na umewekwa mahali pakavu. Katika jiji la Arusha na vijiji vya miteremko ya Mlima Meru, sharti hilo ni gumu kutimizwa. Masika hunyesha Machi hadi Mei, kisha hufuata miezi ya baridi na mawingu. Unga hufyonza unyevu wa hewa. Kiroba kilichowekwa juu ya sakafu ya saruji au kuegemezwa ukutani huharibika upande usioonekana, na mwenyewe hugundua akikuta mabonge.

Unga wa kupimiwa, unaonunuliwa kwa kilo madukani na katika masoko kama Kilombero na Tengeru, mara nyingi humfikia mnunuzi bila tarehe yoyote. Muulize muuzaji kiroba kilifunguliwa lini. Ukifika nyumbani, andika tarehe ya kununua na uibandike kwenye chombo. Usimimine unga mpya juu ya wa zamani. Maliza wa zamani kwanza, osha chombo na ukikaushe kabisa.

Aina za unga hazidumu sawa. Unga mweupe wa ngano na sembe vimeondolewa kiini cha punje, ambacho ndicho chenye mafuta. Katika chombo kikavu chenye mfuniko unaobana, hukaa miezi sita hata minane. Dona na unga wa ngano usiokobolewa vingali na kiini hicho. Mafuta yake huchacha, na chapati huwa chungu ingawa unga unaonekana safi. Nunua wa kutosha mwezi mmoja. Wanaoisifu dona kwa lishe wanasema kweli, lakini ni wachache wanaoongeza kwamba haifai kuwekwa akiba ya msimu mzima.

Hamira ni kiumbe hai, na hufa. Pakiti ikishafunguliwa, ikunjwe vizuri na kuwekwa katika jokofu au chombo kisichopitisha hewa. Ukiitilia shaka, changanya kijiko kimoja cha hamira na kijiko cha sukari katika nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu. Isipotoa povu baada ya dakika kumi, usipoteze unga wako. Beking pauda hupimwa kwa kijiko kimoja katika maji ya moto: iliyo nzima huchemka papo hapo. Magadi ya kulainishia makande ni kitu kingine, wala hayashiki nafasi yake. Sukari na chumvi zikishikana, zipondeponde tu.

Wadudu wadogo ndani ya unga huchukiza kuliko wanavyodhuru. Wakiwa wengi, utupe. Mwenye friza anaweza kuugandisha unga mpya siku nne ili kuua mayai yao.

Kuvu ni jambo zito zaidi. Baadhi ya kuvu za mahindi na karanga hutoa sumukuvu, ambayo haionekani wala haiondoki kwa kuchekecha, kuanika juani au kuoka. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa mahindi yenye sumu hiyo, na 20 kati yao walifariki. Manyara inapakana na Arusha. Kwa hiyo unga wa mahindi ulionuka uvundo au kubadilika rangi usichanganywe na mzuri ili kuokoa gharama. Usipewe kuku wala ng'ombe pia, kwa kuwa sumu hupita hadi kwenye maziwa yatakayonywewa na watoto. Uzike.

Ukiuziwa unga wa namna hiyo ukiwa katika kifungashio, tunza kifungashio na risiti, kisha utoe taarifa kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula Tanzania Bara.