Ihefu: Klabu Iliyohama Hadi Ikapoteza Jina

Ihefu, klabu iliyochukua jina la ardhi oevu ya Mbarali mkoani Mbeya, ilicheza Ligi Kuu ya Tanzania msimu wa 2020/21, ikashuka papo hapo, ikarejea mwaka 2022, na mwezi Novemba mwaka huo ikaifunga Yanga 2-1 pale Ubaruku na kukata mfululizo wa mechi 49 za ligi ambazo Yanga haikupoteza. Haikupita miaka miwili jina hilo likatoweka kwenye msimamo wa ligi, ingawa timu haikushuka tena daraja.

Sababu iko katika kile hasa anachomiliki mwenye klabu. Uwanja mara nyingi ni wa kukodi, na mashabiki hawauziki. Kinachobaki ni mikataba ya wachezaji na nafasi ya ligi, yaani haki ya kuwa miongoni mwa timu 16 za Ligi Kuu, ambayo ukiitafuta kuanzia madaraja ya chini huchukua miaka na huenda usiipate, ilhali anayechukua klabu iliyokwisha kupanda huipata mara moja.

Ndivyo DTB, timu iliyobeba jina la benki, ilivyopanda mwaka 2022 pamoja na Ihefu, ikahamia Singida na kuitwa Singida Big Stars, mwaka uliofuata ikawa Singida Fountain Gate, na mwaka 2024 ikabaki Fountain Gate, yenye makao Babati. Singida haikukosa timu, kwani Ihefu ilikuwa imekwisha kuhamishiwa huko katikati ya msimu wa 2023/24, kisha ikabatizwa Singida Black Stars. Kwa kweli, hata karani wa ligi angehitaji daftari.

Biashara ya namna hii haiko Tanzania pekee. Mwaka huohuo wa 2024, nchini Marekani, timu ya hoki ya barafuni ya Arizona Coyotes, iliyowahi kufilisika mwaka 2009 hadi ligi yenyewe ikainunua, ilikoma baada ya wapiga kura wa mji wa Tempe kukataa mpango wa uwanja mpya, na wachezaji wake wakahamishiwa Salt Lake City kwa muamala wa dola bilioni 1.2.

Ukanda wa Tanga, kuanzia mjini hadi Pangani na Mkwaja, umezoea taabu ya namna nyingine. Coastal Union, iliyoanzishwa mwaka 1948 na kutwaa ubingwa mwaka 1988, ni mali ya wanachama, na ukata wake haujawahi kuwa siri. Mwaka 2016 ilishuka pamoja na African Sports na Mgambo JKT, mkoa mzima ukabaki bila timu ya Ligi Kuu, lakini iliporejea mwaka 2018 ilirejea katika uwanja wa Mkwakwani mjini Tanga, ikiwa na jina lilelile.

Serikali imeweka kanuni kwamba klabu ya wanachama inapoingiza wawekezaji, wanachama wabaki na asilimia 51 ya hisa, na ndiyo maana mfanyabiashara Mohammed Dewji aliiahidi klabu ya Simba shilingi bilioni 20 kwa asilimia 49 tu. Klabu za kampuni na za watu binafsi ziko nje ya kinga hiyo.