Je, Wajua? Saa 1,560 za Kupata Ukaazi wa Kanada

Kanada humpa mgeni ukaazi wa kudumu kwa sababu ya kazi ya ujuzi aliyoifanya ndani ya nchi hiyo. Njia hii ilifunguliwa Septemba 2008, na tangu Januari 2015 maombi yake hupitia mfumo wa mtandaoni uitwao Express Entry. Waliokwisha kuipita watakwambia kwamba afisa wa uhamiaji hapimi umetoka jasho kiasi gani. Anapima kilichoandikwa na kilivyoandikwa.

Je, wajua kuwa kukesha kazini hakufupishi mwaka?
Sharti ni mwaka mmoja wa kazi ya kulipwa ndani ya miaka 3 iliyotangulia: saa 30 kwa wiki, wiki 52, jumla saa 1,560. Anayepiga saa 60 kwa wiki hufikisha idadi hiyo kwa miezi 6, lakini saa zinazozidi 30 kwa wiki hazihesabiwi, hivyo mkononi ana nusu mwaka tu. Anayefanya saa 15 kwa wiki naye hukamilisha mwaka wake kwa miezi 24. Si lazima miezi ifuatane wala mwajiri awe mmoja. Hadi mwisho wa 2012 mambo yalikuwa magumu zaidi, maana ilitakiwa miaka 2.

Je, wajua kuwa jikoni humo humo mmoja huhesabiwa na mwenzake akaachwa?
Kanada imezipanga kazi zote katika ngazi, kuanzia 0 hadi 5, na zinazokubalika hapa ni 0 hadi 3. Mpishi mkuu yuko ngazi ya 2 na mpishi wa kawaida ngazi ya 3. Muosha vyombo na mhudumu wa mezani wako ngazi ya 5, kwa hiyo hawahesabiwi. Muosha vyombo akipandishwa kuwa mpishi, mwaka wake huanzia siku aliyoanza kupika. Na jina la cheo peke yake halitoshi. Barua ya mwajiri inayomsifu mtu kuwa mchapakazi na mwaminifu haimfikishi popote; inayotakiwa hutaja majukumu yake, saa zake kwa wiki, mshahara na tarehe, kisha afisa huyalinganisha majukumu hayo na maelezo ya serikali ya kazi husika.

Je, wajua kuwa dereva wa lori alifunguliwa mlango mwaka 2022?
Ngazi hizo zilipopangwa upya Novemba mwaka huo, madereva wa malori ya masafa marefu na wasaidizi wa wauguzi waliingia katika kundi la kazi za ujuzi. Dereva wa teksi bado yuko nje.

Je, wajua kuwa kuna kazi halali isiyo na faida hapa?
Kazi aliyoifanya mtu akiwa mwanafunzi wa kutwa haiingii kwenye hesabu. Kujiajiri nako hakuingii, ukiwaondoa baadhi ya madaktari. Vilevile, anayeifanyia kampuni ya Kanada kazi kwa kompyuta akiwa Nairobi au Dar es Salaam hajapata uzoefu wa Kanada.

Je, wajua kuwa hata mzaliwa wa London hufanyishwa mtihani wa Kiingereza?
Kusoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, kama wafanyavyo Wakenya wengi, hakumwondolei mtu mtihani, na matokeo yake hudumu miaka 2. Anayejua Kifaransa vizuri huongezewa hadi alama 50 waombaji wanaposhindanishwa, jambo la heri kwa Mswahili wa Lubumbashi, Goma au Bujumbura.

Je, wajua kuwa kusubiri kunaweza kukupunguzia alama?
Waombaji hushindanishwa kwa alama zinazofika 1,200. Mwenye umri wa miaka 20 hadi 29 asiye na mwenzi hupata alama 110 za umri. Akifika 45 hapati kitu. Uzoefu wa miaka 3 Kanada huleta alama 64, na wa miaka 4 alama 72. Basi mwenye miaka 41 akingoja aongeze mwaka wa 4 atapata alama 8, huku umri ukimnyang'anya 11.

Je, wajua kuwa siku moja alama 75 zilitosha?
Tarehe 13 Februari 2021, mipaka ikiwa imebanwa kwa ajili ya Uviko, serikali iliwageukia waliokuwa wamekwisha kufanya kazi nchini. Iliwaalika watu 27,332 kuomba ukaazi kwa mkupuo, wakati kwa kawaida alama za kualikwa zilikuwa zaidi ya 400.

Je, wajua kuwa Kenya nayo ina mlango wa namna hii?
Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inamruhusu mgeni aliyekuwa na kibali cha kazi kwa miaka isiyopungua 7, na aliyeishi Kenya mfululizo kwa miaka 3 ya mwisho, kuomba ukaazi wa kudumu.

Je, wajua kuwa kadi huisha muda lakini ukaazi haufi?
Kadi ya mkaazi wa Kanada kwa kawaida hudumu miaka 5. Ikiisha, mwenyewe hubaki mkaazi, ila anapaswa kuwa amekaa nchini siku 730 katika kila miaka 5. Hapigi kura mpaka awe raia, na uraia huombwa baada ya kukaa siku 1,095 katika miaka 5. Hapa Waafrika Mashariki huachana njia. Mkenya huweza kushika pasi zote mbili, kwa kuwa Katiba ya 2010 inaruhusu. Mtanzania mtu mzima akichukua uraia wa Kanada hupoteza wa kwao, ilhali ukaazi wa kudumu haugusi uraia wake. Ndiyo maana Mtanzania anaweza kuzitimiza siku zote 1,095 na bado akaamua kuishia kwenye kadi.