Mtoaji na Mtolewa: Uhamaji wa Hewa ya Ukaa baina ya Mikoa ya Mbeya na Songwe

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua dhana ya uhamaji wa hewa ya ukaa baina ya mikoa ya nchi moja. Hewa hiyo ikishatoka haina mkoa; kinachohama ni hesabu yake, yaani jina la anayeandikiwa kuwa ndiye mtoaji.

2.0 Mfano wa Saruji

Tuchukue nyumba inayojengwa Igamba, wilayani Mbozi, kwa saruji ya kiwanda kilichopo Songwe. Licha ya jina la mahali hapo, kiwanda kimo katika Mkoa wa Mbeya. Mawe ya chokaa huchomwa pamoja na udongo katika tanuri lenye joto la nyuzi 1,450 hivi za sentigredi. Kila kilo 100 za chokaa safi huachia kilo 44 za hewa ya ukaa iliyokuwa ndani ya mawe yenyewe, mbali na ile itokayo katika kuwasha tanuri. Moshi ni wa Mbeya; ukuta ni wa Igamba.

Hadi mwanzoni mwa 2016 Mbozi ilikuwa ndani ya Mkoa wa Mbeya, hivyo mtoaji na mtumiaji walikuwa katika hesabu moja. Mkoa wa Songwe ulipoanzishwa mwaka huo, hewa hiyo ilivuka mpaka wa mikoa bila tanuri kusogea. Kinyume chake, malori yanayopita Mbozi kuelekea Tunduma huchoma dizeli ndani ya Songwe kwa ajili ya mizigo ya Dar es Salaam na Zambia.

3.0 Suala la Istilahi

Katika "mahari imetolewa", kitenzi ni kutendwa ya *toa*. Katika "binti ametolewa mahari", ni kutendwa ya *tolea*. Umbo ni moja, uhusika ni tofauti. Vivyo hivyo, hewa imetolewa Mbeya, na Igamba imetolewa hewa. Kwa hiyo "utoaji wa Songwe" ni istilahi tata. Tunapendekeza *utoaji wa mahali* na *utoaji wa matumizi*.

4.0 Hitimisho

Endapo kila mkoa utawekewa kikomo au kodi ya hewa ya ukaa, utata huu utageuka kuwa fedha: mwenye tanuri atalipia kuta za jirani, na jirani atasifiwa kwa usafi asioutolea jasho.